Carl Rogers: mtu aliyejifunza kunyamaza

Mwaka jana, wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliniambia kwamba yeye hesabu hawezi. Hakuwa analalamika wala kutafuta huruma. Alisema kama mtu anavyotaja jina lake na kwao. Nilikuwa nimesimama kando ya dawati lake, la nyuma kabisa, vumbi la chaki limenijaa mikononi, darasa lina wanafunzi zaidi ya sabini na kipindi kimebakiza dakika kumi. Nikamjibu kwamba najua. Halafu nikasogea dawati lingine.

Nilisema kwa upole kabisa. Tena nilijiona nimemsaidia, maana sikumgombeza wala kumtoa mbele ya wenzake. Lakini tangu siku ile, kengele ya kipindi changu ikigongwa, dawati lake lilikuwa tupu. Nikamaliza muda wangu, fomu zangu zikajazwa, nikapata alama nzuri tu, nikarudi chuo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimtafute upya Carl Rogers. Wanachuo wenzangu wa Elimu, huyu mzee mnamjua. Yupo kwenye desa la saikolojia ya elimu, sehemu ya saikolojia ya kiutu, amebanwa pamoja na Abraham Maslow na piramidi lake la mahitaji. Wengi tunamkariri usiku wa kuamkia mtihani kwa pointi tatu: mkubali mtu bila masharti, uwe mkweli mbele yake, yaone mambo kama anavyoyaona yeye. Nami nilizikariri hivyohivyo, nikazimwaga kwenye karatasi, nikazisahau kabla sijafika hosteli. Nilipokuja kusoma maisha yake nikakuta mtu ambaye, akiwa tayari na shahada ya uzamivu, alifanya kosa linalofanana sana na langu. Ndiyo maana nawasimulia.

Nyumba yenye upendo na uzio

Rogers alizaliwa tarehe 8 Januari 1902 huko Oak Park, kitongoji cha Chicago, Marekani, mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake, Walter, alikuwa mhandisi aliyefanikiwa kimaisha. Mama yake, Julia, alikuwa mcha Mungu kwelikweli. Nyumba yao ilikuwa na upendo, na Rogers hakuwahi kulikana hilo. Ila upendo ule ulikuwa na uzio. Pombe hapana, dansi hapana, karata hapana, kwenda kutazama maigizo hapana. Ukubwani alisimulia kwamba hata soda ya kwanza aliyokunywa aliisikia ina ladha ya dhambi kwa mbali. Watu wa nje ya familia hawakutukanwa, lakini hawakusogelewa pia, kwa kuwa hawakuishi kama wao. Basi akakua hana rafiki wa karibu, muda wote amezama vitabuni.

Alipofika miaka 12 familia ikahamia shamba, kilomita kama 50 magharibi ya Chicago. Mwenyewe baadaye aliamini kwamba wazazi walitaka kuwaweka vijana wao mbali na vishawishi vya mjini. Huko aliamka kabla ya alfajiri kukamua ng'ombe. Huko pia akaanza kuwa mtafiti bila kujua. Alifuga nondo wakubwa wa usiku na kufuatilia viwavi wao, akasoma vitabu vya kilimo cha kisayansi vilivyoeleza namna ya kulinganisha kundi moja la mifugo na lingine ili ujue ni chakula gani kinaleta tofauti. Shikeni hilo la kulinganisha, tutalirudia.

Halafu kuna viazi. Habari hii imenikaa kichwani kuliko nadharia zote. Viazi vya kula wakati wa baridi vilihifadhiwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye giza, na dirisha moja dogo juu. Kule chini vilichipua. Havikutoa machipukizi ya kijani kama ya shambani, bali vijiti vyeupe, vyembamba, vinavyojinyoosha kuelekea ule mwanga mdogo wa dirishani. Visingekomaa kamwe wala kuzaa, lakini havikuacha kujinyoosha. Rogers alikuja kuutumia mfano huo uzeeni, akiwafikiria wagonjwa waliosahaulika kwenye wodi za nyuma za hospitali za akili. Ukiwatazama harakaharaka unaona watu waliopinda. Ukiwatazama kwa utulivu unaona watu waliokuwa wakiutafuta mwanga kwa njia pekee waliyobakiwa nayo.

Sisi tuna methali ya kumkunja samaki angali mbichi. Nimeisikia tangu darasa la kwanza, na mwalimu aliyeisema mara nyingi alikuwa ameshika fimbo. Rogers alikunjwa mbichi kwelikweli. Maisha yake yaliyobaki ni habari ya mtu anayejikunjua polepole, bila kuwachukia waliomkunja.

Barua za kutoka China

Mwaka 1919 aliingia Chuo Kikuu cha Wisconsin kusoma kilimo. Baada ya muda akahisi wito wa kuwa mtumishi wa dini, akahamia historia kama njia ya kujiandaa. Mwaka 1922, akiwa na miaka 20, alichaguliwa kuwa mmoja wa wanafunzi wachache wa Marekani waliokwenda Peking kwenye mkutano wa shirikisho la wanafunzi Wakristo duniani. Safari nzima ilizidi miezi sita.

Kijana aliyefundishwa kuwaangalia watu wa nje kwa mbali akajikuta ndani ya meli na watu wa kila aina. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeisha miaka michache tu nyuma, na aliona Wafaransa na Wajerumani waungwana kabisa, mmoja mmoja, lakini bado wanachukiana. Akaona kwamba watu wakweli wanaweza kuamini mambo tofauti kabisa. Kila alichofikiri alikiandika kwenye shajara na kutuma nakala nyumbani. Enzi zile barua ilichukua wiki nyingi kuvuka bahari. Hadi jibu lenye mshtuko la wazazi linamfikia, yeye alikuwa ameshabadilika, na hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Bahari ilimpa nafasi ya kufikiri bila kukatizwa. Hapo nilicheka peke yangu maktaba, nikikumbuka jinsi simu za nyumbani zinavyotufikia sisi kila jioni.

Ila mwili nao ulidai chake. Aliporudi, alilazwa hospitali wiki kadhaa kwa vidonda vya tumbo. Akakaa nyumbani kwa muda, akifanya kazi kwenye ghala la mbao na kusoma kozi ya saikolojia kwa njia ya posta. Hilo ndilo somo lake la kwanza la saikolojia, na aliishia kubishana kwa barua na mwalimu wake kama mbwa ana uwezo wa kufikiri. Yeye alimtetea mbwa wake wa nyumbani.

Agosti 1924 alimwoa Helen Elliott, binti aliyemfahamu tangu utotoni. Wazazi waliona kuoa kabla ya kumaliza masomo ni jambo lisilosikika. Kisha likaja jaribu kubwa zaidi. Baba akaahidi kulipa gharama zote za wote wawili, ilimradi mwanawe aende seminari ya Princeton, iliyokuwa na msimamo wa kihafidhina. Rogers akakataa fedha na kwenda Union, seminari ya New York iliyokuwa na mawazo mapana. Wenzangu tunaohesabu siku za bumu kuingia, hebu tulitafakari hilo. Mtu amekataa ada iliyokwisha kulipwa ili tu awe huru kufikiri.

Huko Union, yeye na wanafunzi wenzake waliuomba uongozi wawe na semina isiyo na mwalimu, ambayo mada zake zingekuwa maswali yao wenyewe. Wakaruhusiwa. Wengi wao, kwa kuyafuata maswali hayo, waliishia kuuacha utumishi wa dini, naye akiwemo. Alitambua kwamba hataki kazi ambayo siku akibadili imani yake atapoteza na mkate wake. Baada ya miaka miwili akavuka barabara, maana kilikuwa ng'ambo tu ya barabara, akaingia Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia. Ndiyo, ni chuo cha walimu, na huyu ni wa kwetu. Shahada yake ya uzamivu aliipata hapo mwaka 1931.

Yule mama wa Rochester

Mwaka 1928 alipata kazi mji wa Rochester, kwenye shirika la kuzuia ukatili kwa watoto. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, na mshahara wa dola 2,900 kwa mwaka. Akakaa huko miaka 12, akiwapokea watoto walioletwa na mahakama na mashirika ya ustawi: wezi wadogo, watoro, watoto waliochoma nyumba moto. Alifanya kazi kama alivyofunzwa. Unachunguza, unapata chanzo, unamweleza mhusika chanzo chake, anapona.

Siku moja akaja mama mwenye mtoto mtukutu. Rogers alichunguza akaona tatizo limekaa wapi: mama huyu tangu mwanzo hakumpokea mwanawe moyoni. Basi kikao baada ya kikao akajitahidi kumwonyesha hilo, kwa upole na kwa mifano ambayo mama mwenyewe alikuwa ameitoa. Hawakufika popote. Mwisho Rogers akakiri kwamba wamejaribu na imeshindikana, bora waishie hapo. Mama akakubali. Wakapeana mikono. Amefika mlangoni, akageuka na kuuliza kama mahali pale wanapokea pia watu wazima wanaohitaji ushauri. Rogers akasema ndiyo. Mama akarudi kwenye kiti alichotoka, akaanza kumwaga habari ya ndoa yake iliyovunjikavunjika, kukata tamaa kwake, kuchanganyikiwa kwake. Hakukuwa na hata chembe ya ile historia safi aliyokuwa akiitoa mwanzo. Rogers, kwa kukosa la kufanya, akasikiliza. Mama yule akaendelea kuja, na hali ikabadilika, yake na ya mtoto.

Hapa nilifunga kitabu kwa muda. Rogers alikuwa sahihi kuhusu yule mama, na usahihi wake haukumsaidia mtu. Alichokuja kukishika ni kwamba anayejua panapouma ni mwenye kidonda, na kwamba labda bora amfuate yeye kuliko kumwongoza. Nami nilimjibu yule kijana kwamba najua. Nilikuwa sahihi pia, kwani alama zake nilikuwa nazo kwenye daftari. Lakini mtu anayemwambia mwalimu kwamba hesabu hawezi, pengine naye alikuwa amesimama mlangoni na amegeuka. Mimi nikamfungulia atoke.

Kadi mia moja

Mwaka 1940 alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio State kuwa profesa. Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha Minnesota. Yeye aliona anatoa muhtasari tu wa mwelekeo mpya katika ushauri nasaha, lakini wasikilizaji wakagawanyika, huyu anasifu na yule anashambulia. Hapo akajua kwamba amebeba jambo lake mwenyewe. Kitabu chake cha 1942 kilitoa neno kwa neno mazungumzo yote ya mteja mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, yaliyorekodiwa kwenye santuri zilizojaa baada ya dakika chache tu. Kabla yake, kilichosemwa ndani ya chumba cha ushauri kilikuwa siri ya mshauri, nasi tulitakiwa kumwamini kwa alivyokumbuka. Akaacha pia kumwita mtu mgonjwa. Akamwita mteja, yaani mtu aliyekuja kwa hiari na mwenye kauli juu ya safari yake.

Sasa tuje kwenye dhana ya nafsi, ile ya kwenye mtihani. Maana yake ni picha ambayo mtu amejichorea kuhusu yeye ni nani, anaweza nini, anastahili nini. Rogers alishangazwa na nguvu ya picha hii na utafiti wa mwanafunzi wake, William Kell. Kell alichukua kumbukumbu za vijana wahalifu akatafuta nini kingetabiri vizuri hali yao ya baadaye: familia, afya, akili, mazingira, urithi, au namna kijana anavyojielewa mwenyewe. Kujielewa kukashinda vyote. Rogers mwenyewe hakuamini, akayaweka matokeo kando. Ni hadi mwanafunzi mwingine aliporudia kazi ile kwa kundi jingine na kupata mwelekeo uleule ndipo yakachapishwa, mwaka 1948.

Mwaka 1945 alihamia Chuo Kikuu cha Chicago na kuanzisha kituo cha ushauri. Hapo mtoto wa shamba akakumbuka namna ya kulinganisha. Wenzake wakatumia kadi 100, kila moja ina sentensi kuhusu mtu, mfano kwamba ni mnyenyekevu au anafanya kazi kwa bidii. Mteja anazipanga kadi kwenye mafungu, kuanzia zisizofanana naye kabisa hadi zinazofanana naye kabisa. Kisha anazichanganya na kuzipanga upya, safari hii kwa kufuata mtu ambaye angependa kuwa. Halafu unapiga hesabu ya uwiano kati ya mipango miwili. Kwa wateja 25 waliopimwa, uwiano kabla ya ushauri ulikuwa wastani wa -0.01, yaani mtu alivyo na mtu anayemtamani havikuhusiana kabisa. Baada ya ushauri ukapanda hadi 0.34. Matokeo haya yalitoka katika kitabu cha 1954. Namba ni ndogo, lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupima jambo ambalo wengine waliliita la hisia tu.

Kwa Rogers, pengo hilo linatokana na masharti. Mtoto anapendwa akifaulu, akitii, akiwa kama dada yake. Anajifunza kuificha sehemu yake isiyolipiwa upendo, mwishowe anaificha hata kwake mwenyewe. Anachohitaji ili akue ni walau mtu mmoja atakayempokea alivyo. Kumpokea si kumsifia, wala si kukubali kila anachofanya. Ni kumwacha awepo kwanza.

Mshauri naye akakwama

Ningekuwa naandika ili kumsifu ningeruka sehemu hii. Kati ya 1949 na 1951, akiwa kwenye kilele cha jina lake, tena aliyewahi kuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, Rogers alimhudumia mteja mmoja aliyekuwa na hali nzito sana ya akili. Alidhani lazima avumilie, maana yeye ndiye mwenye nadharia ya kumkubali mtu. Akaacha kuzisikiliza hisia zake mwenyewe. Ikafika mahali hakujua tena yeye anaishia wapi na yule mteja anaanzia wapi. Akamkabidhi kwa daktari mwingine, akakimbia mji na Helen, wakakaa mbali kwa zaidi ya miezi miwili.

Aliporudi hakujifanya kwamba amepona. Akakubali kuhudumiwa na mmoja wa wenzake wa kituoni, mtu aliyekuwa chini yake kikazi. Hapo ndipo aligundua kwamba alikuwa akiwapa wengine kitu asichokuwa nacho. Aliamini wateja wake wanastahili kupendwa, ila yeye mwenyewe bado alikuwa mtoto wa Oak Park anayengoja alama. Tangu hapo alilipa uzito zaidi suala la mshauri kuwa mkweli. Ile pointi ya pili tunayoikariri ilimgharimu sana.

Kurasa chache za Harvard

Mwaka 1952 Harvard waliitisha mkutano kuhusu ufundishaji, wakamwomba aonyeshe namna ya kufundisha kwa kumweka mwanafunzi katikati. Walitarajia mhadhara. Yeye akasoma maoni mafupi yake binafsi. Alisema kwamba, kwa uzoefu wake, jambo lolote la maana haliwezi kufundishwa na mtu kwa mtu mwingine. Linalobadili mwenendo ni lile ambalo mtu amelivumbua mwenyewe. Na kwamba yeye amepoteza hamu ya kuwa mwalimu, anataka kuwa mwanafunzi. Kisha akanyamaza.

Walimu waliokuwepo walimjia juu. Wengine walimuuliza kama anadhani kazi yao ni bure. Yeye hakujitetea, alizipokea hisia zao kama angezipokea za mteja. Baada ya muda ukumbi ukabadilika, watu wakaanza kusema mambo yao ya kweli kuhusu darasa, yale ambayo mwalimu huwa hasemi mbele ya mwalimu mwenzake.

Mimi sikubaliani naye kwa yote. Kuna vitu vinafundishwa. Jedwali la kuzidisha halingojei mtu alivumbue. Na darasa la wanafunzi sabini si chumba chenye viti viwili. B. F. Skinner, yule wa njiwa na thawabu, alijadiliana naye hadharani mwaka 1956, na nikisoma hoja za Skinner naona naye ana lake: mazingira yanatuumba, tupende tusipende. Tena hapa kwetu mtu hakui peke yake, ana shangazi, ana ukoo, ana kijiji kizima kinachongoja mshahara wake wa kwanza. Lakini hata ukiyasema yote hayo, lile swali la Rogers linabaki darasani. Unapomaliza kufundisha jedwali, yule mtoto ameondoka anajiona nani?

Uzee wa mtu aliyekunjuka

Mwaka 1957 alirudi Wisconsin, akajaribu njia yake kwa wagonjwa wa skizofrenia hospitalini. Watafiti waligombana, na matokeo hayakuwa yale aliyoyatarajia. Kitabu chake cha 1961, On Becoming a Person, kikamfikisha kwa wasomaji wa kawaida, na barua zikamjia kutoka kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliacha chuo kikuu moja kwa moja, akahamia La Jolla, California. Mwaka 1969 akatoa kitabu kuhusu uhuru wa kujifunza, kinachotuhusu sisi walimu.

Uzeeni alitoka kwenye chumba cha watu wawili akaingia kwenye makundi. Aliwakutanisha Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast wakati Ireland ya Kaskazini inawaka. Helen alifariki mwaka 1979, baada ya ugonjwa mrefu ambao Rogers alikiri kwa maandishi kwamba ulimlemea na kumchosha. Mwaka 1982, akiwa na miaka 80, alikwenda Afrika Kusini, enzi ya ubaguzi wa rangi, akaketi na kundi la weusi na weupe waambiane ukweli. Hakuuondoa ubaguzi, na hakujidai ameuondoa. Aliwasikiliza.

Mapema mwaka 1987 alianguka akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, lakini moyo ukashindwa, na tarehe 4 Februari akafariki, miaka 85.

Karatasi zangu ishirini

Nilipomaliza kusoma nilikata karatasi ishirini, nikaandika kila moja sentensi kuhusu mimi, nikazipanga juu ya kitanda kama wale wateja wa Chicago. Mwenzangu wa chumbani alidhani naanza biashara ya bahati nasibu. Niseme ukweli, Elimu sikuichagua. Nilitaka udaktari, alama zikagoma, nikapangiwa huku, na kwa miaka mitatu mtu akiniuliza nasoma nini huwa naanza na neno lakini. Basi nilitegemea karatasi iliyosema mimi ni mwalimu iangukie mbali pande zote mbili. Kwenye fungu la nilivyo ikaangukia katikati. Kwenye fungu la ninavyotaka kuwa, mkono wangu mwenyewe uliiweka ya tatu kutoka juu. Nikaitazama muda mrefu.

Karatasi iliyosema huwa nasikiliza, hiyo kwenye ninavyotaka kuwa ilikuwa ya kwanza. Kwenye nilivyo ilikuwa karibu na mwisho.

Mazoezi ya kufundisha ya mwaka huu yanaanza mwezi ujao. Nimeomba shule ileile, na nimekubaliwa. Kama yule kijana alivuka upimaji wa Kidato cha Pili, atakuwa Kidato cha Tatu. Kama hakuvuka, nitamkuta palepale au nitaambiwa ameacha, na hilo nalo itabidi nilibebe. Sijaandaa hotuba. Sitamwambia kwamba hesabu anaweza, maana hilo pia lingekuwa kumjibu kabla hajamaliza kusema. Nikimpata, nitavuta kiti nikae kando ya dawati, nimuulize ilianza lini, halafu ninyamaze.